Kengele Iliyowaita Mbwa

Tangu mbwa wa pili afe kwa kichaa katika kambi za wafugaji, Kadiro Tusee hakuketi. Hata chakula alikula amesimama, donge la unga wa shayiri uliokandwa kwa siagi mkono mmoja, hatamu mkono wa pili.

"Baba Nuri, kaa chini umeze," mkewe Zeynu alimwambia. "Chakula hakina miguu."

"Kichaa kina miguu minne," akajibu, akapanda farasi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, mashavu yamebabuka kwa upepo wa milima ya Bale. Kwa miaka kumi na moja alivaa koti la kijani la walinzi wa mbweha wa farasi, na bonde lake lilikuwa Hora Dima, penye chemchemi ya maji ya chumvi ambayo ng'ombe hupandishwa kuja kuyanywa. Watu wa mbali humwita mnyama huyo mbwamwitu. Wafugaji humwita mbweha wa farasi, kwa sababu humfuata farasi jike anayekaribia kuzaa, siku mbili, siku tatu, akingoja kondo la nyuma lianguke ale. Ni mwekundu, ana miguu mirefu, hula fuko na panya, wala hana ugomvi na binadamu. Bonde la Hora Dima lilikuwa na wakubwa saba na watoto wanne waliokuwa ndiyo kwanza wameanza kutoka shimoni.

Kadiro aliwajua wote kwa mabaka meupe ya kooni. Jike kiongozi, mwenye baka lililokatika katikati, aliitwa Mama Mkwe. Jina hilo alilitoa Amaan, mlinzi mwenzake, mtu mwenye mdomo. Alisema Kadiro akimwona jike yule huinamisha kichwa, hujifunika shuka na hukaa pembeni kama mtu aliyekutana na mama wa mkewe njiani.

"Hata kwa mama mkwe wako halisi huna adabu hiyo," Amaan alimwambia.

"Huyu hanidai mahari," Kadiro akasema.

Alikuwa na sababu ya kuipenda kazi ile, na hakuwa akiisema. Alipokuwa na miaka tisa walikuwa na mbwa mweusi aliyelinda ndama. Asubuhi moja Kadiro aliona povu kwenye mdomo wa mbwa yule, na akaona anavyokwepa maji ya kijito. Alijua maana yake, kila mtoto wa milimani anaijua. Lakini alimpenda mbwa, na alijua baba atamuua, akanyamaza. Kesho yake mbwa alimng'ata dada yake Makko mkononi. Wiki chache baadaye, alipoanza kuugua, Tusee, baba yao, alimpeleka binti kwa farasi kwa shehe, kisha zahanati, mwendo wa siku mbili. Makko alifia njiani wakati wa kurudi, amefungwa kamba, akiomba maji na kuyapigia kelele. Mtu aliyewahi kunyamaza namna hiyo anapaswa kuwa amejifunza. Kadiro mwenyewe aliamini kwamba amejifunza.

Daktari Mestawet alifika Jumatatu na sanduku la barafu. Alikuwa mganga wa mifugo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya nyama ya mbuzi, kila kimoja kimefichiwa pakiti laini ya chanjo. Mbweha akitafuna nyama, pakiti hupasuka na dawa humwagika kinywani mwake. Akimeza bila kutafuna, au akiiacha, hakuna kilichofanyika.

"Barafu itadumu mpaka Alhamisi," Daktari aliwaambia walinzi wawili hemani. "Baada ya hapo nyama hii ni nyama tu. Kila kundi lazima kiongozi jike ale, na dume wake, na wengine mtakaoweza. Jike akiwa na kinga, hata kichaa kikiingia bondeni, kundi litabaki na mtu wa kulizaa upya. Akifa yeye, bonde linakwisha. Mtupe chambo alfajiri, mkae kwa mbali na darubini, mniambie aliyekula kwa macho yenu. Siyo mnavyodhani. Mlivyoona."

"Sawa, Daktari."

"Na kengele hiyo, kaka Kadiro. Nimeisema mwaka juzi, nimeisema mwaka jana."

Kengele ilining'inia shingoni mwa Bulla, farasi wake wa kijivu, kwenye ukanda wa sufu nyekundu. Ilikuwa ya Tusee. Watu wa mabonde matatu walijua mlio wake.

"Nitaiziba kwa sufu," Kadiro akasema.

"Nimesema uivue. Inawashtua mbweha."

Hakuivua. Aliijaza sufu, akaifunga kwa kitambaa, akajiona ametii.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Daktari hakulijua. Dada mwingine wa Kadiro, Shamshi, mjane, alipandisha ng'ombe wake Hora Dima kila majira, mashamba ya chini yanapokuwa na shayiri mbichi. Alikuwa na mbwa mmoja, Dalacha, ambaye mbavu zake zilihesabika. Milimani mbwa halishwi, hujitafutia. Lakini kila mbuzi alipochinjwa kambini kwa walinzi, Kadiro alichukua matumbo na miguu, akaifunga kwenye mkoba wa tandiko, akampelekea Dalacha. Sheria ya kazi ilikataza mlinzi kumlisha mbwa yeyote na kubeba nyama juu ya farasi siku isiyo ya chanjo. Aliijua sheria. Alijiambia ni sadaka, ni mbwa wa mjane, ni mara moja. Mara moja ile ilikuwa na miaka minne.

Jumanne alfajiri umande uliganda juu ya majani kama chumvi. Kadiro alishuka Hora Dima peke yake na vipande kumi na viwili. Amaan alipanda mabonde ya juu. Mama Mkwe alikuwa amelala juu ya kichuguu karibu na shimo, dume wake pembeni, wengine wametawanyika. Kadiro aliweka vipande kwa nusu duara, akarudi nyuma. Bulla alipokuwa akiruka kijito, kitambaa kilifunguka. Sufu ikatoka. Kengele ikalia mara tatu.

Walitokea nyuma ya kilima, mbwa tisa, mbio, ndimi nje, Dalacha mbele yao. Hawakumbwekea mtu. Walimzunguka Bulla wakitikisa mikia, wakanusa mkoba, wakasimama kwa miguu ya nyuma. Kisha pua zikawapeleka kwenye nusu duara.

"Tokeni! Tokeni, laana yenu!" Kadiro alirusha mawe, alirusha mjeledi, alirusha hata kofia yake. Mama Mkwe alikwisha simama. Alibweka mara moja, kwa sauti nyembamba, na wote saba wakapotelea kwenye vichaka vya majani ya kijivu. Ndani ya muda wa kunywa kikombe kimoja, mbwa walimaliza vipande vyote kumi na viwili, Dalacha akarudi kumlamba Kadiro kiatu.

Aliporudi hemani alizunguka nje mara mbili kabla ya kuingia.

"Ehe?" Daktari aliuliza, kalamu mkononi.

"Wamekula."

"Wangapi?"

"Watano."

"Mama Mkwe?"

"Amekula."

"Ulimwona akitafuna?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Mtu angeweza kusema, dada yangu, nimekosea, kengele imelia. Lakini kengele hiyo alikwisha onywa miaka miwili, na nyuma ya kengele kulikuwa na matumbo ya miaka minne, na nyuma ya matumbo koti la kijani.

"Nilimwona," akasema.

Daktari alifunga daftari. "Basi Hora Dima limekwisha. Chanjo iliyobaki kesho mchana naipeleka ng'ambo ya mlima. Umefanya kazi nzuri."

Sifa ile ilimchoma kuliko matusi. Alienda kumpiga Bulla brashi, akaacha katikati. Alienda kuchota maji, akarudi na ndoo tupu. Amaan alimtazama akipita kwa mara ya sita.

"Una viroboto?"

"Sina."

"Basi una siri. Vyote viwili vinawasha vilevile."

Jumatano jua lilipochomoza alikuwa kwa Shamshi. Dada yake alikuwa akikamua, kichwa kimebanwa kwenye ubavu wa ng'ombe, hakugeuka.

"Karibu, kaka. Leo hujabeba kitu? Maana watoto wako wamekuwa wakilia tangu alfajiri." Alionyesha kwa kidevu mbwa waliokwisha jipanga mbele ya Bulla.

"Shamshi, wananifuata mimi?"

"Wewe?" Alicheka. "Wewe hawakujui hata jina. Wanafuata kengele. Ikilia tu, wanaacha ndama, wanaacha fisi, wanaacha hata mfupa mdomoni. Juzi fisi amemla mwana-kondoo wa jirani huku mlinzi wake akikukimbilia wewe. Nilitaka kukwambia, nikasema aa, kaka yangu ana moyo mwema, ngoja nisimvunje."

"Ungenivunja."

Sasa Shamshi aligeuka. "Una nini?"

Kadiro alikuwa akiwahesabu mbwa. "Wako nane. Jana walikuwa tisa."

"Yule wa manjano wa Abba Gishu. Jana jioni alimng'ata ndama, akaanza kutembea peke yake, kichwa chini, mate yanamtoka. Wanaume walimfuata, akawapotea."

"Upande gani?"

"Kule." Alinyoosha mkono kuelekea mashimo ya mbweha.

Kadiro alishika tandiko. Alikuwa na miaka tisa tena, kwenye kijito, na mbwa mweusi akiyakwepa maji.

"Na ukienda," Shamshi akaendelea, kwa kuwa hakuona alivyobadilika, "umwangalie farasi wako jike, Magala, ninayekulishia. Chuchu zimetoa nta. Leo usiku au alfajiri atazaa. Na mgeni wake ameshafika. Siku ya pili hii anazunguka, anakaa pale kwenye mawe, anamtazama tu."

"Mgeni gani?"

"Si yule mbweha wako? Mwenye baka lililokatika."

Alimpiga Bulla mbio ambazo farasi yule hakuwahi kupigwa. Alifika kambini Amaan akiwa anafunga sanduku la barafu kwenye mgongo wa nyumbu, Daktari tayari juu ya farasi wake.

"Daktari, shuka."

"Kuna nini?"

"Sikumwona. Hakuna aliyekula. Nyama yote wamekula mbwa, nami ndiye niliyewafundisha." Aliyasema yote, matumbo, miaka minne, kengele, mfululizo, kama mtu anayetapika, halafu akasema na lililobaki: "Na kuna mbwa mgonjwa anaelekea mashimoni."

Daktari alishuka polepole. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ungenyamaza mpaka leo jioni, ningekuwa ng'ambo ya mlima," alisema. "Jike yule angekufa, na mimi ningeandika kwamba chanjo haifai. Watu wa nchi nyingine wangesoma. Wangeiacha. Unaelewa ulichotaka kuua?"

"Naelewa."

"Mimi naamini macho ya walinzi kwa sababu sina mengine. Ukimaliza kazi hii, koti utaniachia."

"Sawa."

"Sasa sema. Utamlishaje, ukiwa na mbwa wanane nyuma yako?"

Kadiro aliivua kengele shingoni mwa Bulla. Ukanda wa sufu ulikuwa umeshikana kwa jasho la miaka. Akamkabidhi Amaan.

"Wewe kesho alfajiri panda Bulla, ipige hii, nenda nayo upande wa daraja la mawe. Mbwa wote watakufuata. Daktari akukute huko na sindano zake, awachome wote. Mimi nitakuwa kwa Magala, kwa miguu. Mama Mkwe hatamwacha."

Amaan aliitikisa kengele karibu na sikio. "Kwa hiyo mimi ndiye bwana harusi wa mbwa."

"Vaa vizuri," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea.

Magala alizaa Alhamisi, mbingu ya mashariki ikiwa imeanza kupauka. Shamshi alimpangusa mtoto kwa nyasi, jike mwekundu kama mamaye. Wanawake wengi wa kambi huburuta kondo mbali na kulifunika kwa mawe, ili mbweha asizoee. Kadiro alimwomba dada yake aliache. Alilisogeza kwa fimbo hadi penye uwazi, akaweka vipande sita vya nyama kulizunguka, vimepakwa damu yake, akarudi nyuma akalala kifudifudi kwenye majani yaliyoganda. Shamshi alimvuta Magala na mwanawe hadi kwenye zizi.

Mbali, upande wa daraja, kengele ya Tusee ililia. Mbwa walinyanyuka wote kwa pamoja. Dalacha alisita, akamtazama Kadiro pale chini, akatazama upande wa kengele. Kengele ilishinda.

Kisha kukawa kimya. Kadiro hakuweza kulala tuli. Goti lilimwuma, akalibadilisha. Kila kichaka kilikuwa mbwa wa manjano. Aligeuka nyuma, akageuka mbele, akajilaani kwa kugeuka.

Mama Mkwe alikuja kutoka kwenye mawe, hatua tatu, akasimama, hatua tatu. Alinusa. Alilichukua kondo, akaliburuta na kuondoka nalo, akivipita vipande vyote vya nyama kama havipo. Kadiro alifumba macho. Alipofumbua, Mama Mkwe alikuwa ameliweka chini hatua ishirini mbele, akilipasua na kumeza. Alikula mpaka likaisha. Akalamba ardhi. Akaifuata damu kwa pua, nyuma, nyuma, hadi kipande cha kwanza. Alikishika kwa meno ya mbele, akakiangusha.

"Kula, mama," Kadiro alinong'ona. "Kula, usinitie aibu mbele ya watu."

Alikishika tena, akakisogeza upande wa magego, akatafuna. Kichwa kilitikisika, kama mtu aliyeng'ata limau. Akameza. Dume wake alitoka vichakani na wengine wawili nyuma yake, na vipande vitano vilivyobaki vikagawanywa bila ugomvi. Walipoondoka Kadiro alitambaa hadi pale. Kwenye majani kulikuwa na kipande cha pakiti, kimechanika, kimelambwa hadi kinang'aa. Alikifunga kwenye leso, akambebea Daktari.

Alimkuta darajani amepiga magoti, Dalacha katikati ya mapaja yake, sindano mdomoni. Amaan alikuwa juu ya Bulla akiitikisa kengele, mbwa saba wamemzunguka wamekaa kama wanafunzi.

"Wanne," Kadiro alisema. "Mama Mkwe mmoja wao. Wengine watatu sikuwaona." Akamkabidhi leso. Kisha alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku.

Daktari alikigeuza kile kipande juu ya kiganja. "Koti nalichukua," alisema. "Kengele niachie. Kila mwaka watu huniambia hawawezi kuwashika mbwa wao."

"Ni ya baba yangu."

"Najua."

Kadiro aliitazama kengele mkononi mwa Amaan. "Basi ichukue."

Yule mbwa wa manjano alikutwa Jumamosi, amekufa kijitoni, hatua zisizofika hamsini kutoka shimo la Mama Mkwe. Kadiro alimchimbia kaburi la kina cha kiuno, akaweka mawe. Hakuna aliyejua kama alikwisha kumng'ata mbweha yeyote au la.

Kwa hiyo kila alfajiri, bila koti na bila mshahara, Kadiro alipanda ukingoni mwa bonde kuwahesabu, halafu akarudi kulima shayiri. Wiki ya tatu mmoja wa wale watatu ambao hakuwaona wakila alianza kuyumba, akafa. Kadiro alipeleka habari kwa Daktari kama ilivyokuwa, bila kupunguza, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wengine walibaki.

Siku ya arobaini aliporudi nyumbani, Zeynu alikuwa amemimina kahawa.

"Sita?" aliuliza.

"Sita. Na watoto wanne."

"Mama Mkwe?"

"Amemfukuza kunguru."

"Basi kaa, Baba Nuri."

Alikaa. Lakini magoti yake yaliuelekea mlango, na kahawa aliimaliza kwa haraka.